Mpira Uliofia Kwenye Majivu

Kama ungekaa pale kwake Jumapili moja tu, ungefikiri ule mchezo ulichezwa jana. Watu wametoka kanisani, wamekula, wamekuja kunywa rubisi, na kabla mtungi haujafika kwa mtu wa tatu utamsikia Fundi Cherehani anasafisha koo. Akisafisha koo, ujue tunaanza. Bweranyange mawili, Igurwa moja, mvua imeshapita, uwanja ni matope, na mchezo umebaki kidogo uishe. Mimi nilikuwepo siku ile. Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka, na sioni aibu kusema nilifurahi. Lakini furaha ya mchezo mmoja ukipewa kila Jumapili kwa miaka, inafika mahali inakukinaisha. Aliyekinai kuliko sisi wote alikuwa mwenye nyumba, na huyo ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Tulimwita Mshika Bendera. Jina lake analo, ila kwetu sisi lilishapotea. Hata mkewe akimtuma mtoto kwa jirani alisema, "Kamwite Mshika Bendera aje ale." Yeye mwenyewe hakulipenda jina hilo. Aliliitikia kama mtu anavyoitikia akiitwa shambani jua likiwa kali, kwa kuchelewa na bila kugeuka.

Kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza rubisi. Alikuwa na mtumbwi wa kukamulia ulioachwa na watu wa zamani, mti mmoja uliochongwa, umekuwa mweusi kwa ndizi. Alivundika ndizi zake shimoni, akazimenya, akazikanyaga na nyasi kwa miguu yake mwenyewe hata alipokuwa na vijana wa kumsaidia, akachuja, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika na majani ya mgomba, akasubiri. Kwenye kazi hiyo hakuwa na mchezo. Kuna Jumapili tulifika tukamkuta amekaa mlangoni, mikono magotini. Tukamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Rudini makwenu. Ya leo imekuwa mbaya." Tukaonja, tukaona si mbaya kiasi hicho. Alikataa kutuuzia. Fundi Cherehani akamwambia, "Mzee, wewe nyamaza tu, sisi tutakunywa na hatutajua." Akajibu, "Mimi nitajua."

Ndivyo alivyokuwa. Watu walimwita kushuhudia wakigawana mashamba, wakipanda mti wa mpaka, wakikabidhi ng'ombe wa mahari, kwa sababu alichokiona alikisema, na ambacho hakukiona alisema hakukiona. Kusema "labda" kulimshinda. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anakutazama kana kwamba umemtukana.

Kwa sifa hiyo alipewa bendera. Siku zile goli letu halikuwa na wavu. Tulisimika nguzo mbili za mkaratusi, tukafunga mti wa tatu juu, na mstari wa goli tukauchora kwa majivu ya jikoni, kila nyumba jirani ikatoa karai lake. Refa alikuwa mwalimu mmoja kutoka Bukoba, mtu mwenye filimbi na kaptura iliyopigwa pasi, lakini mwalimu ana macho mawili tu na uwanja ni mrefu. Kwa hiyo ilikubaliwa kwamba kila upande uweke mzee wake nyuma ya goli la wenzake, ashike fimbo yenye kipande cha kitambaa cha amerikani. Mpira ukivuka majivu anainua, usipovuka anailaza chini. Wa kwetu alikaa nyuma ya goli la Igurwa, na wa Igurwa akakaa nyuma ya goli letu. Mpango ulikuwa mzuri. Mtu wa Igurwa akiinua bendera tungeweza kubisha, tukasema anapendelea kwao. Lakini mtu wa Igurwa akiilaza chini, nani tena wa kubisha?

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tunaongoza mawili kwa moja. Igurwa wakapata kona, ikaja rundo la watu mbele ya goli letu, matope yakaruka, na golikipa wetu akaanguka juu ya mpira palepale kwenye majivu, ambayo kwa wakati ule mvua ilikuwa imeyafanya uji. Igurwa wakapiga kelele kwamba umevuka. Sisi tukapiga kelele kwamba haujavuka, na wengi wetu tulikuwa upande wa pili wa uwanja, hatukuwa tumeona kitu. Mwalimu akakimbia, akawatenga watu kwa mikono, akamuuliza yule mzee wa Igurwa. Mzee akakaa kimya muda ambao mtu angeweza kumenya ndizi. Kisha akailaza bendera chini. Filimbi ya mwisho haikuchelewa.

Sasa hapa lazima nieleze mambo mawili, la sivyo hutaelewa kwa nini mchezo wa watu wasio na viatu ulitunyima amani.

La kwanza, golikipa wetu alikuwa mtoto wa Mshika Bendera, wa kwanza kuzaliwa.

La pili, Mshika Bendera na yule mzee wa Igurwa walikuwa wamekula mkago. Huko kwetu wanaofahamu mambo haya wanazidi kupungua. Zamani wakiwa vijana walibeba kahawa kichwani kwenda kuuza Uganda, mmoja akaugua njiani, mwenzake akaiacha kahawa yake porini akambeba mtu. Waliporudi wakakaa mbele ya mashahidi, wakachanjwa karibu na kitovu, wakachukua punje mbili za kahawa zilizolala ndani ya ganda moja, kila mmoja akaipaka damu yake, na kila mmoja akameza ya mwenzake. Baada ya hapo ni zaidi ya kuzaliwa tumbo moja. Humnyimi chakula, humfungii mlango, mtoto wake ni mtoto wako, na husimami mbele ya watu ukatoa ushahidi wa kumwangamiza. Padri alikuwa hataki kusikia habari hizo. Alimwambia Mshika Bendera aachane na mambo ya kipagani kama anataka kuendelea kukaa benchi la mbele kanisani. Alijibu kwa adabu zote, "Padri, ile kahawa ilishamezwa zamani. Nitaitoa wapi?" Akaendelea kukaa benchi la mbele, na padri akaendelea kumtazama.

Mnaona basi mazungumzo yetu yalikoelekea. Mwanzoni tulikuwa tukibishana mpira wenyewe. Mmoja anasema haukufika hata kwenye majivu, mwingine anasema uligusa majivu nusu. Ubishi wa namna hiyo unachosha haraka kwa sababu wote ni wa upande mmoja. Ndipo siku moja Fundi Cherehani, ambaye ana mdomo unaokwenda kuliko cherehani yake, akalivumbua lake.

"Nyinyi mnahangaika na majivu," alisema. "Mnafikiri mzee huyu ni mjinga? Kabla ya mchezo alienda Igurwa, hakwenda?"

"Alienda," mtu akasema. "Alipeleka rubisi."

"Rubisi." Fundi akatabasamu. "Na kahawa je, hamkuiona? Mimi nawaambia, siku ile golikipa hakudaka kitu. Aliyedaka ni punje ya kahawa."

Tulicheka mpaka mtungi ukatikisika. Na mimi nilicheka. Maneno yale yalikuwa matamu kwa sababu yalitufanya tuonekane wajanja. Kushinda kwa sababu mpira haukuvuka, hilo ni jambo la kawaida. Kushinda kwa sababu mzee wenu amewazunguka Igurwa wote kwa ujanja wa zamani, hilo unaweza kumsimulia mtu wa Bukoba akakununulia chai. Baada ya msimu mmoja wa kahawa habari ile ilikuwa imefika mnadani Kayanga, na wanaoisimulia hawajui hata Bweranyange iko wapi.

Mshika Bendera alikuwa akimimina rubisi siku ile Fundi alipoanza. Aliweka kibuyu chini. "Sikumwomba kitu," alisema. "Hatukuzungumza habari za mpira hata kidogo. Tulizungumza ugonjwa wa ndama wake. Yule ni mtu wa kweli, aliona mpira haukuvuka, akasema haukuvuka."

"Ndiyo, mzee," Fundi akamjibu, na akatukonyeza. "Tunajua."

Hilo neno "tunajua" ndilo lililomla yule mtu. Ukibishiwa unaweza kujitetea. Lakini mtu akikubaliana nawe huku anakonyeza wenzake, utamjibu nini? Alijaribu kila njia. Alijaribu kueleza taratibu kutoka mwanzo. Alijaribu kukaa kimya. Kuna Jumapili Fundi aliinua mrija akasema tunywe kwa heshima ya ile punje, na Mshika Bendera, mtu mpole, akausukuma mtungi mzima kwa mguu, rubisi yote ikaenda uani, kuku wakaifuata. Tukaondoka bila kuaga. Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba kutuomba radhi, na Jumapili iliyofuata alitunywesha bure. Fundi akanywa kuliko wote, na alipomaliza akasema ile punje ina nguvu mpaka leo.

Mwishoni alibaki na maneno manne tu. Tukianza, alisikiliza mpaka tufike mahali pa kushangilia, kisha akasema, "Haya, tumeshinda. Sasa je?" Akasema hivyo kwa sauti ya chini, bila ukali, huku anatazama migomba yake. Hakuna aliyewahi kumjibu. Tuliona ni maneno ya uzee.

Na bendera yenyewe aliikataa. Mwaka uliofuata walimletea wakamwomba ashike tena, akasema macho yake yamechoka. Ile ya zamani aliifua, akaifanya kitambaa cha kufunikia mtungi. Fundi alipoigundua alitaka kuinunua aitundike kwake dukani, wakashindana nusu siku. Lakini usidhani alikuwa ameacha mpira. Siku za mchezo ungemkuta amesimama mbali, nyuma ya boma la miiba, anajifanya anatafuta kuni, na Bweranyange wakikaribia goli mabega yake yalitangulia. Nilimwona kwa macho yangu akiurukia mpira wa kichwa pale alipo, peke yake, na fimbo mkononi.

Kuna tabia yake nyingine tuliyoicheka kwa muda mrefu. Kila mwisho wa kiangazi alitoweka. Anaondoka asubuhi na mundu na kamba, anarudi baada ya siku kadhaa amechoka, mikono imejaa mikato. Mkewe akiulizwa anasema hajui. Tukamzushia kwamba ana mke Igurwa. "Mzee, mke mdogo hajambo?" tunamuuliza. "Hajambo," anajibu, na kuendelea na kazi.

Nilikuja kujua siku nilipopita Igurwa kutafuta ng'ombe wa kununua. Nikakuta mtu yuko juu ya paa la nyumba ya nyasi, peke yake, anaezeka. Chini amekaa mzee mwingine anampa mafungu ya nyasi moja moja. Huko kwetu nyumba haiezekwi hivyo. Nyumba inaezekwa na kijiji, wanaume juu, wanaume chini, wanawake wanapika, inaisha kwa siku moja. Wazee wawili wakiezeka nyumba peke yao, ujue kuna jambo. Aliyekuwa juu ni Mshika Bendera.

Aliponiona hakushtuka. Aliteremka, akanitambulisha kwa ndugu yake. Nilimwamkia yule mzee wa Igurwa, mwembamba, macho ya maji, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama inavyotakiwa kwa mgeni. Nilipoichukua alitazama mkono wangu kwa namna iliyonishangaza. Baadaye njiani Mshika Bendera akaniambia kwa nini. Tangu ule mchezo hakuna mtu wa Igurwa aliyechukua kahawa katika kikapu kile.

"Hawampigi," alisema. "Hawamtukani. Wanamwacha tu. Wakinywa hapewi mrija. Wakigawana shamba hawamwiti, na zamani hapakuwa na mpaka uliopandwa bila yeye. Akipita, vijana wanalaza fimbo chini, hivi, kimyakimya. Nyumba ilipovuja hakuja mtu."

Nikamwambia Igurwa wana roho mbaya.

"Igurwa walikuwa wameanza kusahau," alisema. "Mtu akikosea kuona, watu husahau. Nyinyi ndio mliowaambia kwamba aliwauza."

Jumapili iliyofuata nilijaribu kumwambia Fundi Cherehani aiache ile habari. Akasikiliza vizuri kabisa, akanipa kiti, kisha akasema, "Lakini mwenzangu, bila kahawa hadithi inabaki na nini?" Kwa kweli hata mimi niliona inabaki na kidogo.

Yule mtoto, golikipa, alikuwa shujaa wetu, na kama ungetaka kumwona ungepata taabu. Hakukaa hata mwaka baada ya mchezo. Alienda Uganda kwenye mashamba ya miwa, na aliporudi kuleta chumvi na nguo za mama yake alifika katikati ya wiki na kuondoka Jumamosi. Tulilalamika. Tulitaka akae nasi Jumapili moja aseme kwa kinywa chake jinsi alivyoukumbatia ule mpira. Baba yake alimtetea kwamba kazi za watu hazina ruhusa. Tukasema sawa.

Kisha mzee wa Igurwa akaugua, ugonjwa wa kifua ambao kila mtu alijua utakavyoisha. Mshika Bendera alienda akarudi, akaenda akarudi. Safari ya tatu alirudi akaacha kazi yote, ndizi zikaozea shimoni, jambo ambalo halijawahi kutokea kwake. Akamtumia mwanawe habari Uganda. Mwanawe alipofika, mzee akaja naye kwangu asubuhi.

"Nakwenda Igurwa kuzungumza na watu," aliniambia. "Hawajawahi kumwona mtu wa Bweranyange akija kuwaambia lolote usoni. Wanasikia tu ya mnadani. Nataka ndugu yangu azikwe na watu, si na mimi na mundu wangu. Huyu atasema alichokiona, yeye ndiye aliyelalia mpira. Na nataka mtu mmoja katika nyinyi mliokuwa mnacheka aje asikie."

"Na Fundi?" nikauliza.

"Fundi ana nguo za Pasaka za watu."

Tukaondoka watatu. Mshika Bendera alitangulia na kibuyu cha rubisi kichwani, akikataa kupokelewa. Mwanawe alikuja wa mwisho, na kila nikigeuka nilimwona amezidi kubaki nyuma. Alikuwa mtu mkubwa sasa, na mashavu yake yalikuwa na mvi za kwanza. Tulipofika bondeni kwenye kijito, baba yake akavuka, akateremsha kibuyu anawe uso. Mwanawe akasimama ng'ambo, hakuvuka.

"Tata," alimwambia baba yake. "Mimi siwezi kwenda."

"Umechoka? Tupumzike."

"Ule mpira ulivuka."

Maji yalikuwa yanapita juu ya mawe. Mshika Bendera alikuwa na kiganja cha maji karibu na uso, na alikaa nacho hivyo mpaka yote yakavuja kati ya vidole.

"Ulivuka kiasi gani?" aliuliza.

"Wote. Nilikuwa nimeanguka ndani ya goli. Nikaurudisha kwa tumbo."

"Na yeye aliona?"

"Alikuwa karibu nami kuliko nguzo. Aliniangalia, nami nikamwangalia. Kisha akatazama kule ulikokuwa wewe, upande wa pili. Akailaza bendera." Mwanawe akakaa chini kwenye nyasi. "Kila nikija nakukuta unamweleza mtu kwamba yule mzee ni mtu wa kweli. Nikashindwa kukaa."

Nilitegemea atamfokea. Mimi ningemfokea. Miaka yote ile amejichosha kumtetea mtu kwa jambo ambalo si la kweli, na Fundi Cherehani, mpuuzi yule, kumbe kwa bahati alikuwa jirani na ukweli kuliko sisi wote. Hapakuwa na ombi, hapakuwa na ujanja, hapo Fundi alikosea. Lakini kahawa ilikuwepo kweli. Yule mzee aliona mtoto wa ndugu yake wa mkago amelala kwenye matope mbele ya watu wote, akaombwa ushahidi, na alikuwa na muda wa kumenya ndizi moja tu wa kuamua.

Mshika Bendera akajipangusa uso kwa kanzu. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Vuka," alimwambia mwanawe. "Tunachelewa."

Kule Igurwa watu walikuja, wengi kuliko nilivyodhani, nadhani kwa sababu ya kutaka kuona tunataka nini. Wakakaa uani mbele ya mlango, na mgonjwa alikuwa amelazwa ndani karibu na mlango, anasikia. Mbele alikaa yule aliyekuwa nahodha wao, mwenye kitambi sasa. Mshika Bendera akasalimu, akasimama, akaongea kwa kifupi. Alisema tangu wale mkago hajawahi kumwomba ndugu yake kitu cha kuwadhuru watu wa Igurwa. Alisema siku ile alipokuja na rubisi walizungumza habari za ndama. Alisema maneno ya kahawa yalitungwa Bweranyange na watu waliokuwa wanakunywa kwake, na kwamba yeye ndiye aliyewauzia pombe waliyokunywa wakiyasema. Akanionyesha mimi. Nikasimama, nikasema ni kweli, tuliyatunga sisi. Yote hayo yalikuwa kweli tupu, na niliona nyuso zinalegea.

Kisha nahodha akasema, taratibu, kama mtu anayetaka kumaliza, "Haya tumeyasikia, mzee. Na mpira je?"

Nilimtazama Mshika Bendera. Huyu ni mtu aliyeturudisha majumbani kwa sababu ya mtungi mmoja usiokuwa mzuri sana. Mwanawe alikuwa anatazama ardhi. Ndani mgonjwa alikuwa akikohoa, akaacha kukohoa.

"Haukuvuka," Mshika Bendera alisema. "Alisema alichokiona."

Nahodha akamtazama golikipa. Golikipa akainua uso. "Haukuvuka," alisema.

Sijui kama waliamini. Nadhani na wao walikuwa wamechoka, walihitaji tu mtu aje asimame mbele yao ili waweze kuacha. Nahodha akajipiga magoti, akanyanyuka kwa shida, akaingia ndani. Kikapu kidogo kilikuwa pale karibu na kitanda. Akachukua punje moja ya kahawa, akaitia mdomoni, akatafuna. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mwanamke mmoja akauliza kuni ziko wapi. Vijana wakaanza kutazama paa.

Walipokwisha kutawanyika kutafuta hiki na kile, tulibaki sisi watatu na mgonjwa. Alifungua macho, akamtazama golikipa aliyekwepa macho yake, kisha ndugu yake.

"Nani alikwambia ulivuka?" alimuuliza ndugu yake.

"Mtoto."

"Lini?"

"Leo. Njiani."

Mgonjwa alicheka, kicheko kisichokuwa na sauti, kikaishia kwenye kikohozi. Mshika Bendera alimwinua, akamwegemeza kifuani kwake. "Mimi mkono ulinitetemeka siku ile," mgonjwa alisema akipata pumzi. "Wewe hata jicho hukupepesa. Kumbe unaweza."

Mshika Bendera alikuwa anatazama nje, kule watu wa Igurwa walikokuwa wakibeba kuni.

"Haya, tumeshinda," alisema. "Sasa je?"

"Sasa," ndugu yake akasema, "nipe maji."